Uvimbe Wenye Nywele

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujasoma yaliyonifanya nishike kalamu, pokea kwanza salamu zangu. Natumaini u mzima, na shemeji naye ni mzima, na kile kikohozi chake kimemwachia. Mimi pia ni mzima. Nakuomba ulishike neno hilo mpaka mwisho wa barua, maana katikati utaanza kulitilia shaka. Kama umesimama, tafuta kiti. Na kama shemeji yuko karibu, usimsomee bado. Isome peke yako, kisha utaamua mwenyewe umwambie nini.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Nimejaribu kupiga. Kila nikikupigia hupokea shemeji, na upande wangu huku Mama habanduki kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda changu, anakunja nguo alizokwisha kuzikunja. Mambo yenyewe si ya kusemwa nusunusu. Tena unanijua: mdomoni nina woga, kwenye karatasi nina afadhali.

Kazi yangu unaijua, ingawa ulinicheka sana kwamba nilisoma miaka yote ile ili nije kukaa nyuma ya pazia. Ni kweli, nakaa nyuma ya pazia. Chumba chetu cha picha ni kidogo. Kuna kitanda, mashine ya altrasaundi, sinki linalovuja, na pazia la kijani. Upande wa pili wa pazia kuna meza yangu na kompyuta. Daktari anapitisha kile kifaa tumboni mwa mgonjwa huku akisema kwa sauti anachokiona, nami nachapa. Ini, sawa. Figo, sawa. Kizazi, ukubwa wa kawaida. Mgonjwa anasikia, mimi nasikia, wote tunapumua.

Lakini zipo siku hunyamaza. Akinyamaza, mimi huondoa vidole kwenye kompyuta na kusubiri. Kisha humwuliza mgonjwa, kama mtu anayepiga soga tu, kwao wako wangapi. Humwuliza kama wazazi wapo, na kama yeye ni wa kwanza au wa mwisho. Mgonjwa hujibu kwa furaha, anadhani amepata daktari mcheshi. Mimi na nesi tunatazamana kupitia upenyo wa pazia, kwa sababu tangu nianze kazi pale sijawahi kusikia swali hilo likafuatiwa na habari njema.

Nesi wetu tunamwita Kipaza. Akiita mgonjwa mlangoni, watu wa duka la dawa ng'ambo ya barabara nao huitika. Yeye ndiye aliyenipandisha kitandani. Tulikuwa tumeletewa mashine mpya, na desturi ya chumba chetu ni kwamba mashine mpya haimgusi mgonjwa kabla haijamgusa mmoja wetu. Ile ya zamani ilijaribiwa kwenye tumbo la daktari mwenyewe, na mpaka leo Kipaza humtania kwamba walitafuta figo mpaka jioni wakaambulia mafuta. Safari hii akasema tunahitaji mtu mwembamba ili tuone kitu. Akanivuta mkono, akasema karani wetu hunywa maji kutwa kama mche uliopandwa jana, kibofu kimejaa, hana haja ya kusubiri.

Nilipanda kitandani nacheka, dada. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi siwezi kulisahau. Jeli aliyonipaka tumboni ilikuwa ya baridi, nikapiga yowe dogo. Kipaza akamwomba daktari amwonyeshe ninakoficha chakula, maana nakula kama wapagazi na sinenepi. Daktari naye akacheka, akasema leo kuna shida, hakuna wa kuchapa. Ini langu likawa zuri. Figo zangu akazisifu. Akateremka chini ya kitovu, akapita kushoto, akarudi. Akaenda kulia, akakaa.

Alikaa hapo kulia. Akakandamiza kidogo, akageuza mkono, akakandamiza tena. Akabonyeza kitufe fulani, rangi nyekundu na buluu zikatokea kwenye kioo pembeni, lakini katikati hapakuwa na rangi yoyote. Akanyamaza. Na mimi, kwa mazoea tu, nikainua vidole vyangu kutoka kwenye shuka, kana kwamba nilikuwa nachapa.

Ndipo akasema, bila kunitazama, "Hivi, kwenu mko wangapi?"

Kicheko cha Kipaza kilikatika. Yeye ambaye hata kunong'ona hajui, sikusikia hata pumzi yake. Nilijibu kwamba tuko wawili, dada yangu mkubwa na mimi, baba amefariki, mama yupo. Sauti niliyojibu nayo niliisikia ikitoka mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Akauliza kama mama yetu aliwahi kupasuliwa tumbo. Nikasema ndiyo, kidole tumbo, alipokuwa msichana. Akasema haya, kisha akakigeuza kioo polepole kisinielekee.

Aliniambia nijifute, nivae, nimsubiri kidogo. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alizunguka pazia, akaketi kwenye meza yangu, akaanza kuchapa mwenyewe. Daktari wetu, dada, hajui hata kompyuta inawashwa wapi. Nilimsikia akitafuta herufi mojamoja, tap, kimya, tap, nikajua anaandika kitu ambacho hataki mikono yangu ikiandike. Nilichukua mkoba wangu nikatoka kwa mlango wa nyuma na jeli bado iko tumboni. Simu ilipoita niliizima.

Kuanzia hapo mpaka baada ya mwisho wa juma nilikuwa maiti inayotembea. Sijui nikueleze vipi. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, na nilikula chakula alichopika, na nikamsimulia mambo ya kazini, na huku ndani nilikuwa nagawa vitu vyangu. Koti la kijivu nilikupa wewe. Nilifikiria nani atakupigia simu, na kama atakuwa mtu mwenye busara. Nilijishika tumbo kila nilipokuwa peke yangu. Sikuwa nasikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba kitu kingeweza kukaa ndani yangu hivyo, kimya, kama mpangaji ambaye hujawahi kumkabidhi ufunguo. Wagonjwa wote niliowachapia majibu yao walinijia mmoja baada ya mwingine. Niliwajua kwa maneno tu, sura zao sikuziona kamwe. Sasa nilikuwa mmoja wao, na nilijua maneno yote.

Jumatatu sikwenda kazini. Mama alikuwa sokoni, na kabla hajarudi Kipaza aligonga mlango, kama kawaida yake kwa kiganja kizima. Sikufungua. Akaniambia kupitia mlangoni, na nina hakika jengo zima lilisikia, kwamba nisipofungua atayasema majibu yangu hapohapo kwenye ngazi. Nilifungua. Alinitazama nywele zangu ambazo hazikuguswa na kitana, akauliza kwa ukali nimekimbia nini. Nikasema naye alisikia alichoniuliza daktari. Akakubali kwamba alisikia, na kwamba yeye pia alikwenda chooni akalia. Lakini yeye angalau alirudi kuuliza.

Alinishika mkono mpaka hospitali kama mtoto mtoro. Daktari alikasirika, nadhani kwa sababu naye alikuwa ameogopa. Alinipandisha tena kitandani, safari hii kioo kikanielekea, akanionyesha. Kwenye ovari yangu ya kulia, yaani pale mayai ya uzazi yanapokaa, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa dogo. Ndani yake palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa ambacho nyuma yake kimeacha kivuli cheusi, kama mtu aliyesimama mbele ya taa. Akasema kile ni kitu kigumu, yaelekea jino. Vile vistari vyembamba vilivyochorekachoreka ni nywele. Na kule katikati, ambako rangi hazikutokea, maana yake damu haipiti humo kwa wingi kama inavyopita kwenye uvimbe mbaya. Akasema hii si saratani kwa kila anachokiona, ni aina ya uvimbe anaoujua vizuri, ingawa maabara ndiyo itakayosema neno la mwisho baada ya kutolewa. Kutolewa lazima utolewe, kwa sababu siku moja unaweza kujisokota na ovari nzima ikafa.

Nilirudia neno jino. Kipaza akasema nishukuru halina tundu.

Nilimwuliza daktari basi kwa nini aliniuliza kwetu tuko wangapi. Alionekana kushangaa kweli. Akasema huuliza hivyo anapohitaji muda wa kutazama vizuri, mgonjwa asihangaike kwa ule ukimya. Wenye mambo mazito huhitaji kutazamwa muda mrefu, ndiyo, lakini si kila anayetazamwa muda mrefu ana jambo zito. Kwa upande wangu alikuwa akiikagua ovari ya pili mara mbilimbili, na ni safi. Na kuchapa je? Akasema hakuna mtu anayestahili kuchapa majibu yake mwenyewe. Ripoti yenyewe niliiona baadaye. Ina makosa ya chapa kila mstari na nimeikataa isiingie kwenye faili mpaka niisahihishe.

Niliondoka pale nimelegea mwili mzima, kama nguo iliyotolewa kwenye maji. Ndipo nikaona naweza kumwambia Mama. Nilimkuta jikoni anachambua mboga. Niliketi kwenye kigoda nikachagua maneno kama unavyonijua. Nikasema kwamba nimepimwa kazini, wameona uvimbe mdogo upande wa kulia, na wamesema si ule mbaya. Ni hayo tu niliyoyasema, dada, nimeyapitia tena na tena kichwani. Sikutaja jino wala kingine chochote, kwa sababu nilidhani vitamtisha bure.

Mama hakuinua kichwa. Mikono yake ilisimama juu ya sinia.

"Wameona nywele?" akauliza.

Nikahisi baridi kuliko ile ya jeli. Nilimwuliza amejuaje. Akasema amejua nini, ameuliza tu. Nikamwambia hakuna mtu anayeuliza tu habari za nywele tumboni. Akainuka akaenda kuosha sinia ambalo bado lilikuwa na mboga, mboga zikaenda na maji, na hakusema neno jingine mpaka tulipolala. Siku zilizofuata alinisindikiza kila mahali, kwenye vipimo vya damu, kwa daktari wa upasuaji, akiwa ameushika mkoba wangu kifuani kwa mikono miwili. Kila nilipomtazama alitazama pembeni. Nilimwogopa mama yangu, dada. Sijawahi kuandika sentensi kama hiyo na sitaki kuiandika tena.

Nilipewa nusukaputi na nilipozinduka kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wametoa uvimbe na kuiacha ovari, imeshonwa, na daktari wa upasuaji amesema sina cha kuhofia siku nikitaka watoto. Majibu ya maabara yamekuja juzi, nayo ni safi. Shukuru pamoja nami, kisha endelea kusoma, kwa sababu sasa ndipo ninapofika kwenye barua yenyewe.

Hili la kwanza sikuliona, nimesimuliwa na Kipaza ambaye alikuwa amekaa na Mama nje ya chumba cha upasuaji. Anasema daktari wa upasuaji alitoka na chupa pana, kama wanavyofanya kuwaonyesha ndugu kilichotolewa. Ndani palikuwa na kitu kama mafuta yaliyoganda, na kishungi cha nywele nyeusi, na jino moja. Kipaza amefanya kazi hospitali maisha yake yote na hata yeye alitaka kutazama dirishani. Mama aliishika chupa kwa mikono yake. Akauliza kama mtoto wake alikuwa na mimba. Daktari akasema hapana, hii si mimba na haijawahi kuwa mimba. Ovari ina mbegu za kutengeneza kila kitu cha mwili, na mara nyingine baadhi zinaanza kazi zenyewe bila mpango, zinatengeneza nywele, ngozi, meno. Hutokea bila mwanamume kuhusika kwa namna yoyote.

"Hata kwa msichana ambaye hajamjua mwanamume?" Mama akauliza.

"Hata kwa mtoto mdogo, mama," daktari akamjibu.

Kipaza anasema Mama alimwomba arudie. Daktari akarudia. Akamwomba tena. Kisha akamrudishia chupa, akakaa sakafuni, pale pale kwenye vigae, na wakashindwa kumwinua.

Siku ya pili yake, mchana, wodi ikiwa imetulia, alinieleza mwenyewe. Alikuwa ananipaka mafuta miguuni na aliongea na miguu yangu. Ile haikuwa kidole tumbo. Alipokuwa msichana tumbo lake lilivimba, na watu wa kwao wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Aliapa hajui mwanamume na hakuna aliyemsadiki. Siku hizo kwao hakukuwa na mashine ya kuchungulia, walimpasua tu. Aliyekuwa anasafisha chumba kile aliona kilichotolewa, nywele na meno, na kabla mshono haujakauka habari zilikuwa zimefika nyumbani: binti wa fulani alikuwa na mtoto tumboni na amemuua humohumo. Babu yetu alikataa asiingie ndani ya nyumba. Bibi yetu alimpitishia nguo dirishani na kumwambia asije akalitamka jambo hili kwa mtu yeyote atakayetaka kumpenda.

Kwa hiyo lile swali letu la utotoni, kwamba mbona upande wa Mama hatuna bibi wala babu wala wajomba, jibu lake ndilo hilo. Wengine nadhani bado wapo hai. Baba alikufa akijua mke wake alitolewa kidole tumbo. Walimtoa ovari moja nzima, dada, wewe na mimi sote tumetoka kwenye ile iliyobaki.

Lakini kilichonivunja si hayo. Kilichonivunja ni kwamba Mama mwenyewe hakujua. Alijua hajamgusa mwanamume, na hapohapo alijua kilikuwa na nywele na meno, na hakuna mtu aliyemweleza vipi mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Aliniambia kwamba kwa miaka yote hii, alipokuwa anatuogesha, anatusuka, anatupeleka shule, palikuwa na wakati alijiuliza kama labda walisema kweli, kama labda alikuwa na mtoto asiyejua amempataje, na akamuua. Aliniuliza mimi, karani, kama nina hakika daktari yule amesoma vizuri.

Sasa nifike kwako. Ulipokuja likizo ulijikunja kwenye kochi umeshika chini ya tumbo upande wa kushoto, na Mama akasema ni baridi, akakupa chupa ya maji moto. Ulipomwambia kwamba unashindwa kufunga sketi zako na kwamba mama mkwe wako ameanza kukutazama tumbo kwa matumaini, na wewe unajua si mimba, Mama alibadilisha mazungumzo. Ulimkasirikia kwa hilo, uliniambia. Hakuwa amepuuza, dada. Aliogopa mpaka akawa kipofu. Daktari wetu amesema uvimbe wa aina hii mara nyingine huonekana kwa watu wa damu moja, ndiyo maana aliniuliza habari za upasuaji wa Mama. Huenda wako ni kitu kingine kabisa, huenda si kitu. Lakini hakuna haja ya kubahatisha wakati mashine ipo. Nimekwisha kusema na daktari, na wiki ijayo siku yoyote utakayokuja atakutazama. Kunywa maji mengi kabla ya kufika na uvumilie usiende haja ndogo, hata kama njia ni mbaya.

Na hapa ndipo nina la kukiri. Mama aliniapisha nisikwambie. Alinishika mkono akasema ukweni kwako wakisikia watakuhesabia wewe kama walivyomhesabia yeye, na kwamba yeye hawezi kuuona uso wako ukishajua. Nilisema ndiyo, Mama. Nilisema kwa moyo wote, kisha akalala, nikaomba kalamu kwa Kipaza. Naivunja ahadi hii nikiwa na akili zangu timamu. Kipaza anapita kwenu kesho kwenda kwao, ndiye atakayekukabidhi barua mkononi. Ukimsikia kabla hujamwona, ndiye huyo.

Nilikuwa nimefika hapo, dada, nikaweka kalamu chini, na nilipogeuka Mama alikuwa macho. Sijui alikuwa ananitazama tangu lini. Akauliza naandika nini. Nimezoea kusema ni mambo ya kazini, na maneno hayo yalinifika mdomoni, lakini nikamwambia namwandikia Dada. Nilingoja aipokonye karatasi. Alisogeza kiti chake karibu na kitanda, akaitazama karatasi hii kama mtu anayetazama mlango.

"Mwandikie," akasema, "kwamba wangu ulikuwa kushoto."

Nimekuandikia kama alivyosema. Anakusalimu sana, na anasema uje. Msalimie shemeji, na mama mkwe wako mpe heshima zangu bila maelezo.

Ni mimi mdogo wako, anayekungoja.